Siku ya Chapa, Siku ya Mbuzi

Ranchi ya Haugen, Moreau Kaskazini
Dakota Kusini
14 Oktoba 1984

Mwanangu Twyla,

Natumai barua hii inakukuta umeshiba, maana chakula cha bweni nakikumbuka.

Sisi hatujambo, ila baba yako ambaye hajambo kuanzia kichwani hadi pajani tu. Daktari kamfungua goti, katia chuma, kamkataza kupanda farasi mpaka majani yaote. Basi amehamia jikoni. Wiki hii ameoka mkate ambao mbwa aliuzunguka mara mbili kabla ya kuamua. Nakutumia mmoja. Ukiandika, msifie.

Ndama tumewatenga na mama zao na kuwapeleka mnadani. Asubuhi naendesha basi la shule, jioni naliendesha tena, na katikati nalisha na kurekebisha uzio. Mbuzi wako wa mazoezi, Seneta, amenenepa kwa kukosa mtu wa kumkimbiza, na sasa anasimama mlangoni akihutubia kila anayepita.

Mchungaji mpya aliniuliza kanisani, kwa upole, msichana wa chuo anafunga mbuzi kwa ajili ya nini. Nikamweleza: farasi anakwenda mbio, msichana anaruka chini farasi akiwa bado mbioni, anamkimbilia mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, anamlaza, anamfunga miguu mitatu kwa kamba, anainua mikono, na mbuzi asipojinasua muda wake unahesabiwa. Akauliza, "Halafu?" Nikamwambia, "Halafu anamfungua."

Neno lolote la maana liandike, usilipigie simu. Unajua laini yetu ya simu tunaitumia pamoja na akina Tveit, kila nyumba na mlio wake, na Bi. Edna ana sikio refu. Juzi nilikuwa namwambia mke wa mchungaji kwenye simu kwamba sijui sufuria yangu kubwa ya kahawa iko wapi, na katikati ya maneno nikasikia Edna akipiga chafya. Kesho yake sufuria ilikuwa mlangoni kwetu. Alikuwa ameiazima tangu Pasaka. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hapa kwetu hakuna mtu anayesikiliza simu za watu.

Najua sikuja kwenye rodeo yenu ya kwanza, hayo mashindano yenu ya farasi na kamba. Kazi, mwanangu. Nimekutumia kamba tatu mpya. Zilikuwa ngumu, nikazilainisha kwenye basi: nikisubiri watoto watoke shuleni nazifunga na kuzifungua kwenye usukani. Watoto wameniuliza kama basi litatoroka.

Mama yako,
Marlys

*

Bweni la wasichana
Dakota Kaskazini
4 Novemba 1984

Shikamoo Mama. Na Baba, shikamoo. Mkate ulifika. Ni mkate wenye msimamo, na niliukata kwa msaada wa watu wawili.

Mimi ni mzima, na Biskuti naye mzima, ingawa farasi huyo wangu ameanza kuota manyoya ya baridi na anaonekana kama zulia lenye masikio. Masomo yanakwenda. Kemia inakwenda bila mimi, lakini nitaikamata.

Kamba zako ni nzuri kuliko za mtu yeyote katika timu. Kocha alizishika akauliza nani kazilainisha. Nikasema basi la shule.

Jumamosi iliyopita mambo hayakwenda vizuri. Mwenzangu chumbani, ambaye ni mtoto wa mjini, aliiweka kofia yangu juu ya kitanda asubuhi ya mashindano. Nilipiga ukelele kama nimeona nyoka. Nikamweleza kwamba kofia kitandani ni mkosi, akasema mimi ndiye mwenye matatizo. Basi nikafunga vizuri, nikainua mikono, nikarudi nyuma, na mbuzi akainuka akaenda zake mwamuzi akiwa bado anamtazama. Nimemsamehe mbuzi. Mwenzangu bado.

Kwa sasa niko wa tano katika kanda yetu. Wawili tu ndio watakaokwenda fainali ya taifa mjini Casper mwezi wa Juni. Rodeo ya mwisho itafanyika hapa hapa chuoni, majani yakishaota. Wazazi wengi huja. Mama wa msichana mmoja huja na kiti cha kukunja na blanketi, na hupiga kelele mpaka farasi wanamtazama. Nakuhadithia tu.

Mara ya mwisho uliponiona nikishindana nilikuwa na miaka kumi, na tulirudi nyumbani kwa kupitia hospitali. Sasa sianguki sana.

Mwanao,
Twyla

*

Moreau Kaskazini
24 Februari 1985

Mwanangu,

Usinihesabie siku. Barua zako ulizoandika baada ya Krismasi ziko juu ya friji, nazisoma nikiwa nimesimama, nikinywa kahawa, na ninajibu kichwani. Kichwani nimekujibu zote.

Ng'ombe wameanza kuzaa, na wamechagua wiki yenye theluji ya kufika kiunoni, kama kawaida yao. Juzi nilimkuta ndama mmoja ameganda, hana hata nguvu ya kulia. Tukamleta ndani tukamtia kwenye bafu la maji ya moto. Baba yako akakaa juu ya ndoo pembeni, mguu umenyooshwa, akimsugua na kumwimbia. Ndama akasimama. Baba yako anasema ni wimbo. Mimi nasema ndama alitaka kuondoka.

Kwa hiyo ukija nyumbani ukaona alama za kwato kwenye bafu, usiulize.

Nimeshona upya mfuko wa kulishia Biskuti na nimekuwekea glavu za sufu. Umekuwa wa nne sasa, hongera sana. Baba yako ameiandika namba nne kwa mkaa kwenye mlango wa banda na amesema ataifuta kwa mkono wake ikishuka.

Ule mkono wako wa kushoto hauumi kwenye baridi? Mfupa uliowahi kuvunjika haukosi kusema. Uvae glavu.

Kuhusu majani yakishaota, tutaona. Wakati huo kazi ni nyingi.

Lazima niende, kuna mtamba anazunguka zunguka na mkia juu, na huyu ni uzazi wake wa kwanza.

Mama

*

Bweni la wasichana
31 Machi 1985

Shikamoo Mama,

Salamu kwa Baba, kwa ndama wa bafuni, na kwa Seneta. Mkono hauumi. Glavu nazivaa, hata darasani.

Mwambie Baba afute nne, aandike tatu. Wiki iliyopita Biskuti alikimbia vizuri ajabu na mbuzi alikuwa mpole. Kati yangu na wa pili pengo ni dogo sana, na imebaki rodeo moja tu, ile ya hapa kwetu. Itakuwa Jumamosi tarehe nne Mei.

Najua tarehe nne Mei ni siku gani. Jumamosi ya kwanza ya Mei majirani wote huja kututilia ndama alama kwa chuma cha moto, ni siku ya chapa ya akina Haugen, ya pili ni ya akina Tveit, na kuendelea mpaka bonde zima limalize ndama wake. Hakuna aliyewahi kuomba kubadilishiwa siku. Hata mwaka ule babu alipofariki Jumatano, tulimzika Ijumaa na Jumamosi tukapiga chapa, na majirani wakala nyama ile ile iliyobaki matangani. Kwa hiyo siombi kitu. Nimeandika tarehe ili uijue.

Halafu nimekuwa nikifikiri. Likizo ile iliyopita, kila nilipomtoa Seneta uwanjani kufanya mazoezi, Baba alikaa kwenye uzio na saa yake, na wewe ukakumbuka kazi bandani. Kila siku. Banda letu halikuwahi kuwa safi vile. Sina neno. Nimefikiri tu.

Nilipiga simu nyumbani Jumapili baada ya kanisa. Ililia muda mrefu. Najua mlikuwa kwenye ng'ombe. Haikuwa jambo la maana.

Mwanao,
Twyla

*

Moreau Kaskazini
15 Aprili 1985

Twyla mwanangu,

Hatujambo. Theluji imeyeyuka, matope yamekuja, nimepoteza kiatu kimoja cha mpira zizini na sitakipata mpaka Agosti. Baba yako anatembea bila fimbo. Ameandika namba tatu kubwa hata ndege wanaiona.

Sasa nikueleze jambo, maana nisipolitoa litanipasua.

Jumanne Bi. Edna alikuja hapa na chapati za viazi, lefse tano zimefungwa kwa kitambaa. Hajawahi kuja Jumanne. Akakaa, akanywa kahawa, akasifu mkate wa baba yako, hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kisha akasema, "Marlys, mwaka huu tubadilishane. Sisi tupige chapa Jumamosi ya kwanza, nyinyi ya pili." Nikamwuliza kulikoni. Akasema mume wake Harlan ana miadi ya meno. Twyla, Harlan hana meno. Amevaa ya bandia tangu nilipoolewa.

Nikasema sawa, basi tutakuja kwenu Jumamosi ya kwanza, nitaleta maharage na pai. Ndipo akasema, akitazama kikombe, "Usijisumbue wewe. Tuna watu wa kutosha."

Tuna watu wa kutosha. Nimeishi bonde hili miaka ishirini na mitano. Nimemshikia ndama wake nikiwa na mimba yako ya miezi minane. Tangu lini mtu akamwambia jirani asije siku ya chapa? Hata yule aliyeiba majani makavu ya watu alialikwa, akaja, akala.

Baba yako anacheka. Nikamwuliza anacheka nini, akasema goti linamwasha.

Nimewaza kama nilimkosea. Nimewaza habari ya sufuria. Nimeamua hivi: Jumamosi ya kwanza nitakwenda na pai yangu, nitaingia zizini, nitashika ndama, aone aibu mwenyewe.

Samahani nimekujazia karatasi kwa hasira. Wewe soma.

Mama

*

Bweni la wasichana
20 Aprili 1985

Shikamoo Mama. Natumai kiatu kimepatikana.

Tafadhali usiende kwa akina Tveit na pai. Nakuomba. Bi. Edna hana ubaya na wewe, na pengine ana sababu ambayo hawezi kuisema bila kujisema mwenyewe.

Nimeona tu kwamba sasa Jumamosi ya kwanza ya Mei huna kazi. Na pai unayo. Kwetu wasichana wa mbuzi wanaanza saa saba mchana.

Mwanao,
Twyla

*

Moreau Kaskazini
26 Aprili 1985

Twyla,

Katika barua yako mkia wa mbuzi nimeuona, na mbuzi mwenyewe nimemfuata mpaka kwa Edna.

Nilimkuta anaanika nguo. Nikasema, "Edna, nani alikwambia mwanangu anashindana tarehe nne?"

Akasema, "Nimesikia tu."

"Umesikia wapi?"

"Watu husema."

"Watu gani? Mimi sijamwambia mtu. Mume wangu Orval haongei na mtu ila na mikate."

Akabana nguo ile ile kwa vibanio vinne. Halafu akasema, "Simu yenu ilikuwa inalia Jumapili ile, Marlys, mlio wenu wa mbili ndefu na moja fupi. Nikainua kidogo. Nikidhani ni wetu."

Mlio wao ni tatu fupi, kama unavyojua. Na hakuna aliyejibu upande wetu, kwa hiyo akabaki peke yake na wewe kwenye waya, na hapo huwezi kukaa kimya mtoto wa watu akisema "Mama? Mama, ni wewe?" Anasema alitaka kukata. Anasema ulikuwa unalia, akashindwa.

Amesikiliza simu zangu kwa miaka ishirini na mitano na hii ni mara ya kwanza amejibu. Akaniambia, "Sasa unajua kwamba nasikiliza." Nikamwambia, "Edna, sijui kitu. Ulidhani ni mlio wenu." Tukamaliza kuanika pamoja.

Lakini wewe nina neno na wewe. Mficha uchi hazai. Ulimwambia Edna Tveit kwamba unamtaka mama yako aje akuone mara moja tu, hata ukianguka, na mimi uliniandikia kwamba hukuwa na jambo la maana. Nimeisoma barua ile ya Machi mara nyingi jana. Nimesoma na ile sehemu ya banda safi.

Baba yako atakwenda kwa akina Tveit kwa niaba ya nyumba, atakaa juu ya ndoo na kuchochea moto wa vyuma. Watu wasiseme akina Haugen hawakuonekana.

Sisemi zaidi. Gari nimelitia mafuta.

Mama

*

Bweni la wasichana
10 Mei 1985

Shikamoo Mama, na pole kwa safari ya kurudi. Baba ameniandikia ukurasa mzima kuhusu moto aliouchochea, nadhani ndama walikuwa jambo la pembeni. Asante kwa pai. Mwenzangu chumbani amekula nusu yake, na ameapa hataigusa kofia yangu hata nyumba ikiungua.

Nilikuwa nimekaa juu ya Biskuti nikisubiri jina langu. Nilikuwa nimekutafuta kwenye viti vyote, nikajiambia basi, theluji imerudi, au mtamba amezaa, au tairi. Nikakubali. Kisha nikatazama upande wa trela, pale wanapofunga farasi, nikaona mtu amevaa koti la basi la shule, ameshika uzio kwa mikono miwili kama anauzuia usianguke. Nikasahau hata kuogopa.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Biskuti alikwenda moja kwa moja kama ameshaonyeshwa njia. Yule mbuzi alikuwa wa madoa, mwenye hila, kila msichana aliyetangulia alizungushwa naye. Akapiga teke la kwanza, nikamkalia. La pili, kamba ikawa imeshapita. Ni ile kamba yako ya usukani. Nilipoinua mikono nikarudi nyuma sikumtazama mbuzi wala mwamuzi, nilisikiliza tu watu kama watashusha pumzi. Wakashusha.

Wa pili, Mama. Wa pili katika kanda. Nakwenda Casper.

Nilipokuja mbio kwako ulisema, "Umekonda," ukanipa pai. Nimecheka wiki nzima.

Sasa nina swali la kazi. Kocha anasema mkono wangu wa kushoto unachelewa kuachia hatamu ninaporuka. Yeye alikuwa mbali. Wewe ulikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Niambie ulichoona, mkono ulikuwa unafanya nini?

Mwanao,
Twyla

*

Moreau Kaskazini
19 Mei 1985

Mwanangu Twyla,

Hatujambo wote. Kuhusu mkono wako wa kushoto, nitafika huko.

Siku yetu ya chapa ilikwenda vizuri, ijapokuwa bonde zima lilikuwa linaamka Jumamosi ya pili likijiuliza liko kwa nani. Mzee mmoja alikwenda kwa akina Tveit na vyuma vyake, akakuta zizi tupu na Harlan anakula uji. Ndama wetu wote walimalizika kabla ya chakula. Edna alileta lefse, akasimama jikoni na mimi tangu asubuhi, na simu ilipolia, mlio wetu kabisa, tulitazamana. Akasema, "Ni yenu." Nikasema, "Haya, chukua wewe." Tulicheka mpaka simu ikakatika, na sijui hadi leo alikuwa nani.

Baba yako hakuandika namba mbili kwa mkaa. Ameiandika kwa rangi nyeupe.

Seneta amekonda kidogo. Mvua imenyesha, malisho ni mazuri.

Basi, mkono wa kushoto.

Twyla, sikuona. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne, nikasimama pale mbele kabisa, hakuna mtu kati yangu na wewe, nikaona farasi anatoka, nikaona unajiinua kwenye tandiko, na nikafumba macho. Nikayakaza. Nilisikia kwato, nikasikia watu, nikasikia mbuzi. Nilipofumbua ulikuwa umeinua mikono juu na vumbi linakupita, na nikajua u mzima, na hilo ndilo nililoliona.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka kumi nilikuwa nimesimama vile vile, kwenye uzio, na nilikuona unaanguka toka mwanzo hadi mwisho. Wewe ulivunjika mkono ukapona kabla ya shule kufunguliwa. Mimi naona ule mwanguko kila unapopanda farasi. Ndiyo maana banda lilikuwa safi. Kazi ni nyingi, ni kweli, Mungu anajua, lakini kazi nyingine ningeweza kuiacha, na nilishukuru kuwa nayo. Nisingemwambia mtu. Hata Edna hajui, maana haya sijawahi kuyasema kwenye simu.

Kwa hiyo kuhusu mkono, mwulize kocha.

Ila siwezi kuliacha hivi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwepo bila kuwepo. Casper ni wakati wa kukata majani makavu. Nimezungumza na Edna. Harlan atakata ya kwetu, sisi tutakata ya kwao baadaye, na wala hatukutafuta sababu ya meno. Baba yako anakuja pia, na saa yake. Nitasimama kwenye uzio. Nitajaribu kufumbua hata jicho moja.

Mama yako,
Marlys

*

Bweni la wasichana
23 Mei 1985

Shikamoo Mama,

Barua fupi, kesho nina mtihani wa kemia na nimeshaikamata nusu.

Njoo Casper, na macho usiyalazimishe. Nitakwambia kitu ambacho kocha hakijui, na usimwambie. Pale mguu unapotoka kwenye kikuku cha tandiko na ardhi bado haijafika, mimi nami hufumba. Tangu nikiwa na miaka kumi. Huwa nafumbua nikiwa tayari nakimbia.

Kwa hiyo siku ile hakuna Haugen hata mmoja aliyeona. Habari ya mkono wa kushoto tumwachie Biskuti.

Mwanao,
Twyla